Kondoo na mifarishi baada ya miaka 60: vyote viwili vinawezekana, ila ratiba ianze na kondoo

Mwalimu_Mstaafu_Mbulu

Heshima kwenu wanajukwaa.

Kila mtu akiuliza humu mstaafu afanye shughuli gani, majibu huwa mawili: fuga, au tafuta kazi ya kukaa. Mimi nafanya vyote viwili huku Mbulu, na kina mama wa rika langu wananiuliza mara kwa mara ninawezaje. Nimeona niandike kwa urefu ili iwasaidie na wengine.

Nilifundisha shule ya msingi hadi umri wa lazima wa miaka 60. Sasa nafuga kondoo, na nashona mifarishi, yale matandiko mazito ya vipande vya vitenge na khanga yenye pamba katikati. Kwa baridi ya huku kwetu mwezi wa saba, mfarishi si pambo.

Ninachotaka kusema hasa ni hiki: usiutafute muda wa kushona kwenye mabaki ya siku. Mabaki ya siku ya mfugaji ni uchovu mtupu, na mfarishi unaoshonwa kwa uchovu unajulikana kwa mishono yake. Panga ufugaji wenyewe kwa namna ambayo utakuachia saa nzuri, za mwanga na mikono iliyotulia. Kondoo anakubali kupangwa kuliko watu wanavyodhani.

Chukua umande. Huku nyanda za juu umande ni mzito, na mabuu ya minyoo hupanda juu ya majani wakati yana unyevu. Kondoo anakula karibu kabisa na ardhi, si kama mbuzi anayependa kuchuma vichakani. Ukifungua zizi alfajiri unampeleka moja kwa moja kwenye minyoo. Kwangu zizi linafunguliwa umande ukishakauka, kwenye saa tatu na nusu au saa nne. Asubuhi naamka, naangalia nani amelala vibaya, nani anakohoa, nani hasimami, naweka maji, basi. Kuanzia hapo hadi saa nne ni muda wangu wa cherehani na sindano, karibu na dirisha la mashariki. Macho hayajachoka, vidole havijakakamaa kwa kazi, na kondoo wanapata afya kwa kuchelewa kutoka. Hakuna anayemnyima mwenzake.

Saa nne kijana anawatoa, nami nashughulika na mengine ya nyumbani. Jioni wakirudi nipo zizini tena. Usiku sishoni. Taa niliyonayo hainitoshi kutofautisha bluu na nyeusi, na macho nayahitaji kesho yake.

La pili ni idadi. Nina majike 12 na dume 1. Eneo langu lingeweza kulisha zaidi, lakini kipimo changu ni mwili. Najiuliza: siku ambayo kijana wa kuchunga hajaja na mvua inanyesha, nitaweza peke yangu? Idadi inayozidi hapo inauzwa. Wapo wanaoona hiyo ni kurudi nyuma, na nawaheshimu, ila mimi nimeona kundi dogo lenye afya linalisha kuliko kundi kubwa linalokohoa.

La tatu, na ndilo watu wengi wanaliruka, ni dume. Dume akikaa na majike mwaka mzima, utazalisha mwezi wowote, na hutajua lini upumzike. Jike huja kwenye joto kila baada ya siku 17 hivi, na mimba ni karibu siku 150. Kwa hiyo mimi namwacha dume kwa wiki tano, kuanzia mwishoni mwa Juni, ili kila jike apate nafasi mbili. Watoto wanazaliwa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Januari, mvua zikiwa zimeanza na majani yanachipua, kwa hiyo mama ana maziwa.

Kipindi kilichobaki dume anavaa aproni. Wamaasai wamefanya hivyo kwa ngozi tangu zamani: kipande kinafungwa chini ya tumbo, dume akipanda hafiki. Ya kwangu nimeshona kwa turubai, mshono mara mbili, mikanda ya ukanda wa begi. Inabidi ifunguliwe mara kwa mara, ioshwe, na uangalie ngozi isije ikachubuka nzi wakataga. Lakini kwa mtu mwenye cherehani hii ni kazi ya asubuhi moja, nayo inakuhakikishia miezi ya utulivu.

Wiki za kuzalisha sigusi kitambaa kabisa. Mikono iko kwenye ayodini ya vitovu na kwenye maji ya uzazi, na nahakikisha kila mtoto amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa za mwanzo, zisizidi sita. Wenzangu wa umri huu, vaeni glavu. Brusela na homa ya Q humpata binadamu kupitia kondo la nyuma na maji ya uzazi, na sisi wazee homa ikitushika inachelewa kutuachia.

Kwa hiyo mwaka wangu una sura mbili. Desemba ni zizi. Februari hadi Mei nakata na kuunganisha vipande, kazi nyepesi inayoweza kuachwa na kurudiwa. Juni tunavuna, tunaweka mabua na maganda ya maharage kwa ajili ya kiangazi. Kisha Julai hadi Septemba nashona tabaka zote tatu pamoja, uso, ujazo na mgongo wa mfarishi. Mzigo wote unakuwa mapajani, unakupasha joto huku unaufanyia kazi.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu asubuhi, kabla umande haujakauka.

Mkulima_Makambako

Shikamoo mwalimu. Uzi mzuri sana, mama yangu ana miaka 63 na nimemsomea wote. Swali lake: hayo manyoya ya kondoo si ndiyo unajazia mifarishi? Mbona umesema pamba?

Mwalimu_Mstaafu_Mbulu

Marahaba mwanangu, nisalimie mama.

Kondoo wetu wengi Tanzania si wa sufu. Huyu mwekundu wa Kimaasai, yule wa kichwa cheusi, na hawa wa mkia wa mafuta, wote wana nywele fupi kama za mbuzi. Ukizikata hupati kitu cha kusokota wala kujazia. Nawafuga kwa nyama na kwa fedha ya mnadani. Kondoo wananunua pamba, ndivyo wanavyoingia kwenye mfarishi.

Ujazo natumia pamba iliyochambuliwa inayotoka Kanda ya Ziwa. Ila pamba ya namna hiyo haijashikamana, ikifuliwa inakimbilia pembeni na kufanya mabonge. Dawa yake ni kushona mistari karibu karibu, isipite inchi 2 au 3 kutoka mstari hadi mstari. Sufi ya mti wa msufi ni nyepesi na inapatikana, lakini inafaa mto zaidi, maana kufuliwa haipendi kabisa. Na usidharau blanketi kuukuu lililochakaa pembeni: kata sehemu nzima, weka katikati. Halina mabonge, halisogei, na mwanzoni ndilo rahisi kuliko yote kwa mama.

Kinangop_Juu

Salamu nyingi kutoka Nyandarua, mwalimu. Hapa kwetu Kinangop tuna kondoo wa sufu, mimi nafuga Corriedale, na mke wangu ndiye hushona. Sisi wote tumepita 65. Nikichangia upande wa sufu labda nitasaidia wale wa nyanda za baridi.

Corriedale ni uzao wa Merino na Lincoln, ulianzia New Zealand na Australia. Unakata manyoya mara moja kwa mwaka. Sisi hukata Januari au Februari wakati ni kukavu na jua lipo, kwa sababu kondoo aliyenyolewa juzi akipigwa na mvua ya baridi anaweza kufa kwa usiku mmoja. Siku ya kunyoa tunaita kijana mwenye ujuzi. Kumketisha kondoo mzima katikati ya magoti na kumgeuza geuza si kazi ya mgongo wangu tena, na sioni aibu kulipia hiyo.

Kabla ya kuosha, toa yote ya tumboni na karibu na mkia, hayo ni mbolea ya shamba. Yaliyobaki loweka kwenye maji moto sana yenye sabuni, moto ambao mkono hauvumilii, kama nyuzi 60. Sababu ni yale mafuta ya sufu, hayatoki kwa maji ya uvuguvugu. Usisugue, usikoroge. Ukisugua sufu ikiwa moto inashikana na kuwa kama zulia. Itoe kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta yanarudi kuganda, kisha suuza kwa maji ya joto lile lile. Usishangae uzito ukipungua karibu nusu.

Ikikauka, mke wangu huichana kwa vichanio viwili vya meno ya waya, halafu anatandaza tabaka la kwanza likienda urefu, la pili likienda upana. Ni muhimu afunike juu na chini kwa bafta nyepesi kabla ya kuweka kitenge. Bila bafta, nyuzi za sufu hutoboa kitambaa na mfarishi unaota ndevu.

Uzuri wa sufu ni kwamba ina joto na bado ni nyepesi. Mzee aliye na maumivu ya viungo hapendi kulala chini ya mzigo.

Mwalimu_Mstaafu_Mbulu

Asante sana kaka wa Kinangop. Hilo la bafta sikuwa nimelisikia popote likielezwa vizuri hivyo. Na nondo je, mnawazuiaje?

Kinangop_Juu

Mwalimu, nondo hupenda sufu chafu na giza. Sufu iliyooshwa vizuri, ikaanikwa juani, ikafungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, huwa salama. Mfarishi usikae sandukuni mwaka mzima. Utumie, au uutoe juani kila baada ya muda.

Niongeze kwamba majirani wengi hapa wamehamia kondoo aina ya Dorper kwa sababu ya nyama, na bei ya sufu haitupi moyo. Sisi tumebaki na Corriedale kwa ajili ya mifarishi. Kama tungekuwa tunauza sufu mbichi, tungekuwa tumeacha.

Mzee_wa_Nyika

Nawasalimu wote. Mwalimu, naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Nina miaka 71, nimefuga maisha yangu yote Simanjiro. Kwa umri wetu huwezi kuwa na mifugo na ufundi pamoja. Kondoo anataka miguu, macho na masikio yako muda wote. Siku unayoinamia sindano ndiyo siku jike linakwama kuzaa au fisi anapita. Shauri langu, mtu achague kimoja. Mifugo waachiwe watoto, mzee ashone, au ashone kijana na mzee afuge.

Mwalimu_Mstaafu_Mbulu

Mzee wangu, shikamoo. Neno lako ni zito na linatoka kwa mtu anayejua mifugo kunizidi. Kwa kundi la Simanjiro, la mamia, linalohama kufuata majani, nakubaliana nawe kabisa. Hapo sindano haina nafasi.

Lakini mimi nazungumzia majike kumi na kitu, uzio wa minyaa, na zizi lililo hatua chache kutoka mlangoni. Na nilisema wakati wa kuzalisha sindano inalala. Hatari uliyoitaja, ya jike kukwama nami nimeinama, inakuwa kubwa pale kuzaa kunapotokea mwezi wowote bila taarifa. Ndiyo sababu namshikilia sana dume. Ukijua wanazaa lini, unajua lini uwe macho.

Suala la kuwaachia watoto nimelitafakari. Wa kwangu wako mjini na wana kazi zao. Kondoo wananitembeza, wananifanya niongee na watu, niende mnadani, nijue bei ya mahindi. Sindano inanikalisha nikatulia. Nikiacha kimoja, kile kingine kitanizidi nguvu: ama nitatembea hadi magoti yaishe, ama nitakaa hadi magoti yagande. Hilo naliona mwilini mwangu, na sisemi ni sheria kwa kila mtu.

Kuhusu magoti na mgongo, kuna jambo limenisaidia sana. Tumejenga kichochoro chembamba cha mbao kando ya zizi, upana wa kondoo mmoja asiyeweza kugeuka. Nikitaka kuwapa dawa au kuwaangalia macho, wanaingia mstari, nami nasimama nje wima. Sikimbizi mtu, siinui mtu.

Mzee_wa_Nyika

Marahaba mwalimu. Hapo kwa kundi dogo na kichochoro nimekuelewa. Ila macho ya kondoo unaangalia nini?

Mwalimu_Mstaafu_Mbulu

Rangi, mzee. Unavuta kope ya chini na kutazama utando wa ndani. Mnyoo mkubwa adui wa kondoo ni ule unaofyonza damu kwenye tumbo la nne. Kondoo mwenye minyoo mingi anapungukiwa damu na utando unapauka, kutoka wekundu hadi weupe. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano ya kulinganishia, inaitwa FAMACHA. Anayepauka ndiye anayepewa dawa, mwekundu anaachwa. Kumpa dawa kila mmoja kila mara ndiko kunakowafanya minyoo wazoee dawa. Na angalizo: albendazole asipewe jike aliye kwenye mwezi wa kwanza wa mimba, inaweza kuharibu mtoto. Kwa ratiba yangu hiyo ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, hata nikiwa nimesahau yote, hilo silisahau.

Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana ukinzani wa asili dhidi ya mnyoo huyo, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wamelichunguza kwa miaka mingi. Kwa mzee anayetaka kupunguza kazi, ningeshauri damu ya huyo iwepo kundini, hata kama Dorper anakua haraka zaidi.

Na niseme kwa furaha yote: mtu aliyezoea kupanga vitambaa kwa rangi anaiona tofauti ya wekundu na waridi mapema kuliko wengine.

Binti_Tanga

Shikamoo mwalimu, shikamooni wazee wote. Bibi yangu hana cherehani, na meza kubwa ya kutandaza mfarishi hana. Vidole bado vizuri. Anaweza?

Mwalimu_Mstaafu_Mbulu

Marahaba mjukuu wangu. Anaweza, na kwa njia ninayoipenda kuliko zote. Kule India, jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengine kupitia Goa enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona mifarishi inayoitwa kawandi, na hawatumii meza wala fremu.

Unatandika kitambaa cha mgongo na ujazo wake, wao hutumia sari kuukuu. Halafu huunganishi vipande kwanza. Unaanzia pembeni, unaweka kipande, unakunja ukingo wake ndani, unakishona kwa bandi, ule mshono wa mkono wa kuingia na kutoka, hadi chini, tabaka zote kwa pamoja. Unaweka kingine kinachopanda kidogo juu ya cha kwanza, unaendelea. Unazunguka ukingo wote, kisha unaingia ndani mzunguko kwa mzunguko hadi ufike katikati. Kwenye pembe nne wanaweka vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, na kwao kawandi isiyo na phula haijakamilika.

Kwa mzee faida ni nyingi. Kazi inakaa mapajani. Hakuna vipimo vikali. Akiacha wiki tatu kwa sababu ya kondoo au mgonjwa, akirudi anaendelea pale pale bandi ilipoishia. Ninapowaza kwamba mikono ya watu waliotolewa upande wetu wa bahari ndiyo iliyoilea kazi hii ugenini, moyo wangu unajaa, na ninatamani ijulikane zaidi huku.

Mnunulie bibi kastabini ya chuma inayomkaa kidoleni, sindano zenye tundu refu, na uzi imara wa pamba. Mpeleke pia kupimwa macho. Wazee wengi wanasema mikono imeisha kumbe ni mtoto wa jicho, na huo unatibika kwa upasuaji mfupi.

Mkulima_Makambako

Mwalimu, mama ameuliza kuhusu soko na mtaji, na pia kama anaweza kushonea zizini huku akiwaangalia kondoo.

Mwalimu_Mstaafu_Mbulu

Zizini hapana, mwambie asijaribu. Uzi ukidondoka kondoo anaumeza, na vipande vya kitambaa vivyo hivyo, vinajikusanya tumboni kama ilivyo mifuko ya plastiki. Sindano ndiyo kabisa. Na harufu ya zizi ikiingia kwenye pamba haitoki. Mimi nina sanduku la bati kwa vitambaa, vipande vya sakafuni vinaokotwa kabla mlango haujafunguliwa, na nguo za zizini hazivuki kizingiti cha chumba cha kushonea.

Mtaji wa mfarishi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mafundi cherehani wana mabaki ya vitenge wanayotupa au kuuza kwa mfuko. Vyote vifuliwe kwanza, vitenge vingine vinaruka rangi na vingine vinanywea. Khanga kuukuu ni mgongo mzuri, imelainika na ni pana.

Soko langu ni la aina mbili. Majirani wananunua kuanzia Mei baridi ikikaribia, kwa bei ya kwetu, wengine wanalipa kwa gunia la mahindi. Ile mikubwa inapelekwa Karatu, watalii wa Ngorongoro ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba. Kondoo madume nauza kuelekea Krismasi na kuelekea Idd el-Hajj. Kwa Idd anatakiwa mnyama mzima asiye chongo, asiyechechemea, na tarehe husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo mama awe na kalenda. Fedha za kondoo na za mifarishi tunaziandika madaftari mawili tofauti. Zikichanganyika hutajua kipi kinambeba mwenzake.

Binti_Tanga

Na kwa anayeanza vyote viwili kwa mpigo, atangulize nini?

Mwalimu_Mstaafu_Mbulu

Sindano. Ashone mfarishi mmoja mdogo wa mtoto huku zizi na kichochoro vinajengwa. Akiupenda, ndipo anunue kondoo, majike matano au sita kwa jirani ambaye kundi lake analifahamu. Mnadani magonjwa yanakutana, sotoka ya mbuzi na kondoo ikiwemo. Aulize kama kondoo hao wamechanjwa, na hata hivyo wakae peke yao wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Dume asinunue mwaka wa kwanza, aazime Juni mwishoni na amrudishe wiki ya tano. Mkulima wa Makambako, kwa baridi ya huko mwambie mama mfarishi wa kwanza aujaze blanketi kuukuu kama nilivyosema, na akifika kwenye pindo aniandikie hapa, nitamwelekeza.